Nyonga Inayouma Haitaki Kitanda

Mtu mzima akianza kuchechemea, ushauri anaoupata nyumbani, kazini na kwa majirani karibu wote ni mmoja: pumzika. Asipande ngazi, asiende sokoni kwa miguu, apishwe kiti kwenye daladala, wajukuu wamletee maji pale alipo. Ushauri huo unatoka kwenye upendo, na kwa mfupa uliovunjika au kiungo kilichojaa usaha ni ushauri wa busara kabisa. Lakini maumivu mengi ya nyonga ya watu wazima si ya namna hiyo. Yanatokana na gegedu iliyochakaa, kano zilizozidiwa na misuli iliyosinyaa, na kwa matatizo hayo matatu kulala huongeza ugonjwa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba nyonga ya namna hiyo inahitaji kazi: kazi iliyopimwa, inayoongezwa kidogo kidogo, inayofanywa kwa miezi na si kwa siku. Hicho ndicho kiini cha fiziotherapia. Mengine mengi yanayotolewa kwa jina hilo ni nyongeza tu, na baadhi yake tunaweza kuyaacha bila hasara.

Jambo la kwanza ni kujua kinachouma. Watu husema nyonga inauma huku wameshika sehemu tatu tofauti za mwili. Anayeweka mkono kwenye kinena, pale mguu unapokutana na tumbo, mara nyingi anaonyesha kiungo chenyewe, yaani mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga. Huyu atapata shida kuvaa soksi, kuchuchumaa chooni, kukaa kitako mkekani au kuingia kwenye gari dogo, na akiamka asubuhi atajisikia amekakamaa kwa dakika kadhaa kabla mwili haujalegea. Anayeshika ubavu wa paja, juu ya ule mfupa unaotokeza, na asiyeweza kulalia upande huo usiku, kwa kawaida ana tatizo la kano za misuli ya makalio zinazojishikiza hapo. Wengi wao ni wanawake waliovuka miaka 40. Anayeshika tako, hasa kama maumivu yanateremka hadi chini ya goti yakiambatana na ganzi, huenda chanzo chake ni mgongo wa chini na wala si nyonga. Na wapo wanaolalamikia goti kwa miezi wakati mgonjwa halisi ni nyonga, kwa sababu mishipa ya fahamu ya sehemu hizo inashirikiana. Mtaalamu mzuri atatumia dakika nyingi kuuzungusha mguu huo ndani na nje, kukutazama ukitembea na kukusimamisha kwa mguu mmoja kabla hajasema lolote kuhusu tiba.

Wengi wetu tungependa picha ya eksirei ifanye kazi hiyo badala yake, maana picha inaonekana kama ushahidi usiopingika. Bahati mbaya kwenye nyonga picha na maumivu havifuatani kama tunavyodhani. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliotumia takwimu za wakazi wa mji wa Framingham nchini Marekani. Miongoni mwa nyonga zilizokuwa zikiuma mara kwa mara, ni asilimia 15.6 tu zilizoonyesha dalili za kuchakaa kwenye eksirei. Na ukigeuza upande wa pili, miongoni mwa nyonga zilizoonekana zimechakaa kwenye picha, ni asilimia 20.7 tu zilizokuwa zikiuma mara kwa mara. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na picha safi na asilale usiku kwa maumivu, na mwingine akawa na picha ya kutisha huku analima. Picha ina kazi yake, na nitaitaja baadaye, lakini kumwambia mtu kwamba mfupa wake umekwisha kwa sababu tu ya kivuli kwenye picha ni kumpandikizia hofu, na mtu mwenye hofu hatembei.

Ili kuelewa kwa nini kutotembea kunadhuru, inafaa kutazama namna nyonga inavyobeba mwili. Kila hatua tunayopiga ina muda mfupi ambapo tumesimama kwa mguu mmoja. Wakati huo uzito wa mwili unavutia ndani, na misuli ya ubavuni mwa nyonga inavutia nje ili fupanyonga lisiinamie upande ulioachwa hewani. Ni kama mizani yenye mikono isiyolingana: uzito wa mwili umening'inia kwenye mkono mrefu, misuli iko kwenye mkono mfupi, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya uzito wenyewe, na kiungo kilicho katikati kinabeba vyote viwili. Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Berlin wakiongozwa na Georg Bergmann waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa wachache, wakasoma nguvu inayopita humo wakati wagonjwa hao wanatembea kwa mwendo wa kawaida. Walikuta wastani wa karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni zaidi ya kilo 160 katika kila hatua, na hajabeba ndoo wala gunia.

Misuli hiyo ikidhoofika, fupanyonga linainama au mtu anaanza kuupeleka mwili wote upande wa mguu mbovu kila anapoukanyaga. Friedrich Trendelenburg, daktari mpasuaji wa Kijerumani, aliieleza dalili hiyo mwaka 1895, na hadi leo inapimwa kwa jina lake bila kifaa chochote: simama kwa mguu mmoja, tutazame kiuno chako. Ubaya ni kwamba maumivu yenyewe huizuia misuli isifanye kazi kwa nguvu zake zote. Nyonga inauma, misuli inalegea, mwendo unaharibika, tishu zinapokea mzigo usio na mpangilio, maumivu yanaongezeka, mtu anakaa chini zaidi, misuli inasinyaa zaidi. Gegedu nayo haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, unaosukumwa ndani na nje ya gegedu kila kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Kiungo kisichotumika kinanyimwa hata hicho. Ndiyo maana wiki sita za kukaa kitini humfanya mzee wa miaka 65 ashindwe kuinuka bila kushikwa mkono, na kila mtu aliyemzunguka akadhani ugonjwa umepanda, kumbe sehemu kubwa ya kilichopanda ni udhaifu.

Hapa fimbo inastahili maneno mawili, kwa sababu ni kifaa cha bei ndogo ambacho watu wengi hukishika vibaya. Fimbo ya mgonjwa wa nyonga hushikwa kwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Ikishikwa hivyo inausaidia ule mkono mfupi wa mizani, misuli inavuta kwa nguvu ndogo zaidi, na mzigo ndani ya kiungo unapungua kwa kiasi kinachohisiwa papo hapo. Kuitumia kwa muda si aibu wala si dalili ya kushindwa; inamwezesha mtu kuendelea kutembea wakati misuli inajengwa.

Na misuli inajengwaje? Kwa watu wengi neno fiziotherapia linaleta picha ya mgonjwa aliyelala kifudifudi, taa ya joto juu ya kiuno, au mtaalamu anapitisha kichwa cha mashine ya mawimbi ya sauti juu ya ngozi iliyopakwa jeli, kisha anamkanda. Joto linaliwaza, na mikono yenye ujuzi inaweza kulegeza kiungo kilichokakamaa kiasi cha kukiwezesha kufanya mazoezi. Lakini hakuna msuli uliowahi kupata nguvu kwa kukandwa. Kazi yenyewe ni ya mgonjwa: kulala chali, kukunja magoti na kuinua makalio; kuinuka kitini na kukaa tena taratibu bila kushika chochote; kupanda na kushuka ngazi moja ya baraza; kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta huku kiuno kimenyooka; kupiga hatua za ubavuni, mwanzoni bila kitu, baadaye ukiwa umefunga ukanda wa mpira mapajani. Zoezi linarudiwa mara 8 hadi 12, mtu anapumzika kidogo, anarudia tena seti mbili au tatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Mara 12 zikiwa rahisi, zoezi linaongezwa ugumu: kiti kifupi zaidi, ngazi ndefu zaidi, mfuko wa mchele mkononi. Hapo kwenye kuongeza ndipo wengi wanapokwama. Anayefanya zoezi lilelile la wiki ya kwanza hadi wiki ya kumi amefanya mazoea, na mwili hauna sababu ya kubadilika.

Ushahidi wa njia hii haukupatikana jana. Mtandao wa watafiti wa Cochrane, unaokusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, ulichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio 10 ya mazoezi kwa watu wenye nyonga zilizochakaa. Maumivu yalipungua kwa pointi 8 kwenye kipimo cha 0 hadi 100 kuliko kwa wasiofanya mazoezi, uwezo wa kufanya shughuli uliongezeka kwa karibu kiasi hichohicho, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi mitatu hadi sita baada ya programu kuisha. Pointi 8 si muujiza, na sitaki kuzipamba. Ushahidi unaovutia zaidi ulitoka Oslo. Huko wagonjwa 109 waligawanywa kwa bahati nasibu: wote walipewa elimu kuhusu ugonjwa wao, na nusu yao wakapewa pia programu ya mazoezi ya wiki 12. Watafiti wakawafuatilia. Baada ya miaka sita, asilimia 41 ya waliofanya mazoezi walikuwa bado wanatembea na nyonga zao za asili bila kuhitaji upasuaji wa kubadilisha kiungo. Kwa waliopata elimu pekee ilikuwa asilimia 25. Jambo la kushangaza ni kwamba katika miezi ya mwanzo ya jaribio hilohilo tofauti ya maumivu baina ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa kitakwimu. Kilichojitokeza mapema ni uwezo: walioufanyia kazi mwili walimudu shughuli zao vizuri zaidi. Naona hapo pana fundisho kwa anayepima tiba yake kwa swali moja tu, kama leo inauma au haiumi.

Kwa kano za ubavuni matokeo yana nguvu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walitangaza jaribio la watu 204 wenye maumivu hayo. Kundi moja lilifundishwa jinsi ya kuipunguzia kano mbano na likapewa mazoezi ya wiki nane, la pili likachomwa sindano moja ya steroidi, la tatu likaelezwa tu kuhusu hali yake na kusubiri. Baada ya wiki nane, waliosema wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 77 kwenye mazoezi, asilimia 58 kwenye sindano, na asilimia 29 kwenye kusubiri. Baada ya mwaka mzima kundi la mazoezi lilibaki juu, karibu asilimia 79. Sehemu ya elimu katika jaribio hilo haikuwa mapambo. Kano hizi hubanwa dhidi ya mfupa kila paja linapovuka kwenda upande wa pili, kwa hiyo mtu anayekunja nne ofisini siku nzima, anayesimama foleni ameegemea mguu mmoja, au mama anayebeba mtoto ubavuni huku amesukuma kiuno nje, anaichokoza kano bila kujua. Kuweka mto katikati ya magoti wakati wa kulala kiubavu kunasaidia, na yale mazoezi ya kujinyoosha kwa kuvuta goti kuvuka kifua, yanayopendwa sana kwenye video za simu, kwa tatizo hili yanaweza kulichochea badala ya kulituliza.

Msomaji makini atauliza kama watu hawa hawakupona kwa kubembelezwa tu. Swali ni halali, na jibu lake halipaswi kukwepwa, kwa sababu lipo jaribio linalolipa uzito. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne walichukua watu 102 wenye nyonga zilizochakaa. Nusu walipata fiziotherapia kamili kwa wiki 12: kunyooshwa viungo kwa mikono, ushauri, mazoezi ya kufanya nyumbani. Nusu nyingine walipitishiwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyokuwa imezimwa, wakapakwa jeli isiyo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Ni pigo, na mtaalamu anayelificha hamtendei mgonjwa haki. Lakini tulisome vizuri. Kwanza, linasema kwamba kuonana mara kwa mara na mtu anayekusikiliza na kukugusa kunapunguza maumivu, hata mashine ikiwa imezimwa. Basi nafuu unayotoka nayo kitandani kwa mtaalamu haithibitishi kwamba mashine ilifanya kitu. Pili, programu ile ilichanganya mambo mengi kwa vipande vidogo, na mazoezi yake kwa sehemu kubwa yaliachwa yafanyike nyumbani, wakati ile ya Oslo ilikuwa na mazoezi ya kuongeza nguvu, yakifanywa mara mbili au zaidi kwa wiki. Siwezi kudai kwamba tofauti hiyo inaeleza kila kitu. Ninachodai ni kwamba jaribio la Melbourne linaibana zaidi ile fiziotherapia ya kulala na kuhudumiwa kuliko inavyoibana ile ya kusimama na kufanya kazi.

Pingamizi la pili lina sauti ya nyumbani zaidi. Mkulima wa Njombe au mchuuzi wa Kongowea atasema: mimi nashinda nimeinama na jembe, au natembea na beseni kichwani tangu alfajiri, mazoezi gani tena? Amesema kweli kwamba anafanya kazi nyingi. Na tafiti za Ulaya kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wakulima ni miongoni mwa watu wanaochakaa nyonga zaidi ya wengine, pamoja na wanaonyanyua vitu vizito kila siku. Hiyo haivunji hoja, inaifafanua. Kazi ya shamba ni mzigo usiopimwa: hauongezeki taratibu, haupumziki mwili ukidai, unarudia mkao mmoja maelfu ya mara na kuiacha baadhi ya misuli bila kazi kabisa. Anayelima kwa kuinama anautumia sana mgongo na misuli ya nyuma ya mapaja, lakini ile ya ubavuni, inayoshika fupanyonga katika kila hatua, inaweza kubaki dhaifu vilevile. Kwa mtu kama huyu fiziotherapia huanza kwa kupunguza: mpini mrefu zaidi, mapumziko yaliyopangwa, gunia moja badala ya mawili, kisha dakika 20 za mazoezi yaliyochaguliwa siku asizokwenda shambani. Kumwambia tu akafanye mazoezi, kama wanavyoambiwa wafanyakazi wa ofisini, ni kutomwelewa.

Kuna pia hofu ambayo haisemwi kwa sauti, kwamba kiungo kilichochakaa kikitumiwa kitachakaa zaidi, na kwamba maumivu wakati wa zoezi ni mfupa unaolalamika. Programu zilizotajwa hapo juu hazikungoja maumivu yaishe ndipo mtu aanze. Kanuni inayotumika sana ni rahisi: kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyovuka 5 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yawe yamerudi kwenye hali ya kawaida ifikapo siku inayofuata. Yakivuka, au yakibaki hadi kesho yake, dozi ilikuwa kubwa. Mtu anapunguza uzito au idadi, haachi. Wiki mbili za kwanza mara nyingi huwa na usumbufu, na hapo ndipo wengi huacha wakisema fiziotherapia iliwaumiza. Nadhani lawama hapa iko zaidi kwa wahudumu kuliko kwa wagonjwa. Aliyeelezwa mapema kwamba wiki mbili za mwanzo zitakuwa ngumu huvumilia; asiyeelezwa hurudi duka la dawa.

Na duka la dawa ndiko wagonjwa wengi wa nyonga wa Afrika Mashariki wanakotibiwa. Diklofenaki na ndugu zake, akina ibuprofeni, hutuliza kweli, na kwa siku chache za maumivu makali zina nafasi yake, pengine hata kumwezesha mtu kuanza mazoezi. Ila zikimezwa kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na mzee mwenye nyonga mbovu mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye presha na kisukari. Parasetamoli ni salama zaidi kwa kipimo sahihi, lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika BMJ ulikuta kwamba kwa nyonga na goti lililochakaa msaada wake ni mdogo kiasi cha kutohisiwa na wengi. Ukiziweka pamoja, zile pointi 8 za mazoezi hazionekani tena kuwa haba, kwa kuwa hazitoboi tumbo, na mtu anayeimarisha miguu hupata pia faida kwenye sukari, shinikizo la damu na uwezo wa kutoanguka.

Upo ugonjwa mmoja unaohitaji kuzungumzwa peke yake katika nchi zetu, nao ni selimundu. Seli za damu zenye umbo la mundu zinaweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, sehemu ya mfupa ikafa, na kijana wa miaka 20 akawa na nyonga ya mzee. Hapa picha ni ya lazima na daktari wa mifupa lazima aone mgonjwa mapema. Hata hivyo, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lililinganisha wagonjwa wa selimundu waliofanyiwa upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake, pamoja na fiziotherapia, na wale waliopata fiziotherapia peke yake. Baada ya wastani wa miaka mitatu, nyonga zilizokuwa bado hazijahitaji upasuaji mwingine zilikuwa asilimia 82 kwa kundi la kwanza na 86 kwa la pili. Walikuwa watu 38 tu, kwa hiyo tusitangaze ushindi, lakini inatosha kusema kwamba fiziotherapia si kitu cha kumpa kijana huyo wakati anasubiri tiba halisi. Dozi yake tu ni tofauti: huanza kwa magongo ya kupunguza uzito, na nguvu hujengwa bila kukikandamiza kichwa cha mfupa kilichodhoofika.

Wapo wasiopaswa kuanza mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Mtoto yeyote anayechechemea bila sababu iliyo wazi, hasa akiwa na homa, ni wa hospitali siku hiyohiyo. Mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga chini achukuliwe kuwa amevunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Maumivu yanayoamsha usiku bila kujali mkao, yakiambatana na kupungua uzito, kutokwa jasho usiku au homa za jioni, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye kiungo au saratani iliyosambaa, na hakuna zoezi linalotibu hayo.

Linabaki suala la upatikanaji, ambalo kwa watu wengi ndilo pingamizi halisi. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki wataalamu 10 wa huduma za utengamao kwa kila watu milioni moja. Anayeishi mbali na hospitali ya mkoa au ya kaunti hawezi kwenda kliniki mara tatu kwa wiki. Nauli pekee itamshinda. Lakini tiba ninayoieleza haidai mashine. Nchini Denmark, tangu mwaka 2013, ipo programu iitwayo GLA:D ya watu wenye magoti na nyonga zilizochakaa: vikao vichache vya kuelezwa ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi ya kikundi ndani ya wiki sita hivi, vikiongozwa na mtaalamu aliyepewa mafunzo ya siku mbili. Imeenea hadi Canada, Australia na China. Vifaa vyake ni kiti, mkeka, ukanda wa mpira na ngazi. Sioni kwa nini kituo cha afya chenye uwanja na mtaalamu mmoja kisiweze kuendesha kikundi cha watu kumi, kama kliniki za wajawazito zinavyowakusanya kina mama. Kinachohitajika zaidi ni kubadilisha mazoea ya kumwona mgonjwa mmoja mmoja kitandani kwa dakika 15 za joto.

Mwisho ni upasuaji, maana baadhi ya wanaohimiza mazoezi huufanya uonekane adui. Tangu John Charnley aanze kuweka nyonga bandia za aina yake katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, upasuaji huo umekuwa miongoni mwa unaofanikiwa zaidi duniani, na hapa kwetu unafanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Mwaka 2024 watafiti wa Denmark waliulinganisha moja kwa moja na mazoezi ya kunyanyua uzito kwa watu 109 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na nyonga zilizochakaa vibaya. Baada ya miezi sita, waliobadilishwa nyonga walipanda kwa pointi karibu 16 kwenye kipimo cha pointi 48, wa mazoezi kwa pointi 4.5. Nyonga iliyofika huko imeshaivuka tiba ya mazoezi peke yake, na kumng'ang'aniza mgonjwa aendelee miaka miwili zaidi ni kumtesa. Kipimo ninachokiona cha haki ni miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, yanayoongezwa, yanayosimamiwa walau mara chache na mtaalamu. Kama baada ya hapo bado mtu haamki vizuri, halali, na hawezi kufika dukani, aende kwa daktari wa mifupa na apigwe picha. Miezi hiyo haipotei hata kwake, kwa kuwa nyonga ya chuma na plastiki inaendeshwa na misuli ileile, na mazoezi atakayopewa wodini baada ya upasuaji mengi yatakuwa yale aliyokwisha kuyazoea.